Friza Iliyokaa Eda

Maisha yangu yote ya ajira nilikuwa mkalimani wa mahakama, na kazi hiyo ikanipa tabia ambayo jamaa zangu wanaiita ukaidi na mimi ninaiita adabu ya akili. Silikubali neno mpaka nijue limetoka kinywani mwa nani, na aliyelisema alikuwa amesimama wapi alipoliona hilo analolisema. Mahakamani, shahidi aliyeanza kwa "nimesikia kwamba" alinyamazishwa kabla hajavuta pumzi ya pili. Nyumbani kwetu Mtongwe hakuna hakimu, kwa hiyo shahidi wa namna hiyo huachiwa aseme mpaka birika la chai likauke.

Asubuhi moja, zikiwa zimesalia wiki chache kufika Idi ya kuchinja, dadangu aliingia upande wangu wa nyumba bila kupiga hodi. Nyumba ni ya marehemu baba. Yeye anakaa upande wa uani, mimi upande wa barabarani, na hodi ni sharti tuliloliweka wenyewe baada ya ugomvi ambao sitausimulia. Kwa hiyo nilipomwona amesimama mbele yangu kichwa wazi, leso imemwanguka mabegani, nilijua kwamba ama kuna msiba, ama kuna simu.

Ilikuwa simu.

"Sikiza, kaka," akasema, akaniwekea ile simu sikioni kama muuguzi anayempima mtoto homa.

Mwanamke nisiyemjua, mwenye pumzi za mtu aliyepanda ngazi mbio, alikuwa akisema kwamba serikali imepitisha sheria. Kila friji, friza na pasi isiyokuwa na kile kibandiko cha nyota, kinachoonyesha chombo kinabana umeme kiasi gani, itachukuliwa. Maafisa wamekwisha kuonekana Changamwe wakipita nyumba kwa nyumba na lori. Anayewapenda jamaa zake awapelekee ujumbe huu upesi.

"Ni nani huyu?" nikauliza.

"Mtu wa Changamwe."

"Unamjua?"

"Kaniletea shoga yangu wa Kisauni."

"Shoga yako anamjua?"

"Naye kaletewa."

"Na huyo aliyemletea, aliliona lori?"

"Kaka, wewe wataka lori la serikali lionwe na watu wangapi?"

"Mmoja. Nataka mmoja tu, mwenye macho mawili, aje aketi hapa aniambie lori lilikuwa la rangi gani."

"La bluu," akasema dadangu.

"Umeliona?"

"Sasa lori la kuchukua vitu vya watu litakuwa la rangi gani, kaka? La waridi?"

Sikuendelea. Kuna shahidi ambaye kila ukimhoji ndivyo ushahidi wake unavyozidi kunawiri.

Hapa inanipasa kuieleza friza yenyewe, maana bila ya kuijua mtu hawezi kuelewa kwa nini mwanamke mzima alikuwa akitetemeka. Ilikuwa ya lile umbo la sanduku linalolala, mfuniko juu. Marehemu shemeji yangu, aliyekuwa baharia, ndiye aliyeileta kutoka bandari moja ya Uarabuni, na hata siku hiyo ilipoingia mlangoni haikuwa mpya. Weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya jino la mtafuna tambuu. Mpira wa mfuniko ulikuwa umelegea, na dadangu akaukaza kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Mota yake ilipowaka, balbu ya sebuleni kwangu ilififia kwa heshima, na vikombe katika kabati langu vikasalimiana. Tokeni za umeme tulizotia ziliyeyuka tukizitazama. Nyota haikuwa nayo hata moja. Wakati wake nyota zilikuwa bado za mbinguni tu.

Watoto waliijua kwa barafu za ukwaju. Watu wazima waliijua kwa Idi. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina friji ndogo, ama hazina kabisa, na siku ya kuchinja nyama hufika kwa wakati mmoja kutoka pande zote: ya sadaka, ya jamaa, ya msikitini. Basi tangu zamani kila mwanamke huleta fungu lake kwa dadangu katika mfuko, nao mfuko hufungwa kwa utepe uliochanwa kutoka leso yake kuukuu. Dadangu hahitaji kuandika kitu. Akiuona utepe wa maua mekundu anajua ni wa nani, na akiuona wa mchoro wa korosho anajua ni wa nani, na katika miaka yote hiyo haujapotea ubavu mmoja. Hana cheo mtaani. Si mwalimu wa madrasa, si mwenyekiti wa chama cha wanawake. Lakini kuanzia siku ya Idi mpaka nyama iishe, hakuna mwanamke Mtongwe anayethubutu kumkasirisha. Friza ile ndiyo kiti chake, na mtu akiondolewa kiti baada ya miaka mingi ya kukikalia, pa kusimama hapajui.

Siku ile ile ya ujumbe, alasiri, alikuja mnunuzi wa vitu vikuukuu kutoka Bombolulu, akisukuma mkokoteni wenye kipaza sauti. Alikuwa kijana mnene mwenye sauti laini, na alikuwa amekwisha kununua friji mbili katika kichochoro cha pili.

"Shikamoo, mamangu," akamwambia dadangu. "Mimi sikulazimishi. Nakuonea imani tu. Leo utapata chochote. Kesho waja waichukue bure, na faini juu."

Akataja bei ambayo hata mfuniko peke yake ungeionea haya.

"Umeisoma sheria hiyo?" nikamuuliza.

"Mzee wangu, shikamoo. Sheria haisomwi siku hizi. Yaletwa kwa simu."

Nikamwambia dadangu kwamba hapauzwi kitu katika nyumba ya baba mpaka mimi niisome sheria kwa macho yangu. Nilikuwa nimeona tangazo gazetini kwamba kamati ya Bunge itakuja Likoni kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu muswada mmoja wa vyombo vya umeme vya nyumbani. Kwa hiyo jambo lipo, nikamweleza, ila ni muswada. Muswada si sheria, ni sheria inayotakwa.

"Na mimba si mtoto?" akauliza.

"Mimba haiji mlangoni kuchukua friza."

Akakubali kungoja mpaka nirudi kutoka Likoni. Lakini dadangu hangoji mikono mitupu. Nyuma yetu, mlango wake ukielekea uani kwetu, anakaa jirani mmoja aliyekuwa amemzika mumewe si muda mrefu, naye alikuwa bado yumo edani: haendi popote, hapambiki, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake haingii chumbani mwake. Wanawake wa mtaa wakaketi uani, wakashauriana kwa sauti ambayo walidhani ni ya chini, wakafikia uamuzi kwamba hakuna afisa wa serikali yoyote, hata awe na lori la rangi gani, atakayethubutu kupekua chumba cha mwanamke aliye edani. Kabla ya magharibi, wana wa mjane, vijana wenye misuli, walikwisha kuibeba friza, wakaipitisha uani na kuiweka kando ya kitanda cha mama yao.

Nilikwenda nikasimama nje ya pazia la mlango wake, kwa umbali unaofaa, nikatoa pingamizi.

"Mwajificha nyuma ya sheria ya Mungu," nikasema, "ili kuikimbia sheria ya binadamu ambayo hata bado haipo. Hili si jambo la kiungwana."

"Iache hapa hapa, kakangu," akajibu mjane kutoka ndani. "Chumba kina joto, nami sina pa kwenda."

Asubuhi ya pili dadangu alikwenda kumwuliza kama kelele za mota hazikumsumbua. Nilikuwa nikimwagilia mrehani wangu karibu na dirisha lake, kwa hiyo jibu nililisikia mwenyewe, sikusimuliwa.

"Yakoroma kama marehemu," akasema. "Nimelala vizuri, wallahi. Tangu afe sijalala hivi."

Siku ya mkutano nilipanda tuktuk pamoja na jirani yangu muuza makaa, ambaye alikuja kwa sababu alisikia kuna soda. Ukumbi ulikuwa umejaa. Umeme ulikuwa umekatika, jambo ambalo hakuna aliyeliona ajabu katika mkutano wa mambo ya umeme, kwa hiyo kila msemaji alilazimika kupiga makelele. Nilimwendea karani wa kamati, kijana wa bara mwenye adabu, nikamwomba nakala ya muswada.

"Nakala ya kusoma, mzee?" akauliza.

"Kuna nyingine?"

"Hapana. Ni vile wewe ndiwe wa kwanza kuniomba tangu tuanze kuzunguka."

Nikaketi pembeni, nikatoa kalamu, nikausoma tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Haukuwa mrefu. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, na kwa muhtasari ulisema hivi: Waziri asiweke kiwango kipya cha kubana matumizi ya umeme katika vyombo vya nyumbani mpaka athibitishe kwamba mwananchi hatalipa zaidi dukani kuliko atakachookoa kwenye umeme, na kiwango chochote, kiwe cha zamani au kipya, kisiguse chombo ambacho tayari kimo nyumbani mwa mtu. Niliyarudia maneno hayo ya mwisho, nikayapigia mstari. Muswada ambao mtaa mzima ulikuwa ukiukimbia ulikuja kuifunga mikono serikali, si kuifungulia lori. Katika nchi hii yote palikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa ajili ya kuilinda friza ya dadangu, na friza ya dadangu ilikuwa imejificha isiione.

Wakati huo wasemaji walikuwa wakiendelea. Bwana mmoja alieleza kwa kirefu habari za maji ya mfereji. Mwenyekiti alipomkumbusha kwamba leo ni umeme, akasema maji nayo husukumwa kwa umeme, na mwenyekiti akashindwa. Mama mmoja alitaka kujua hizo nyota zitagawiwa bure au zitauzwa, na kama ni za kuuzwa, kwa nini zisitolewe kwa mkopo wa vikundi. Mzee wa rika langu alisimama kwa mkongojo akatangaza, "Mimi naunga mkono na pia napinga, kwa sababu sote ni ndugu," akapigiwa makofi kuliko wote.

Kisha akaitwa mtaalamu mmoja aliyekuja kuupinga muswada. Alizungumza Kiingereza tu, cha haraka na cha chuo kikuu, na mkalimani wa kamati alikuwa bado amekwama kwenye foleni ya feri.

"Hakuna anayeweza kutusaidia?" mwenyekiti akauliza.

"Yupo!" akaita muuza makaa, akininyooshea kidole. "Huyu mzee amefunga watu wengi kwa Kiingereza!"

Nikasimama. Sikuwa nimesimama hivyo tangu nistaafu, na nakiri kwamba mgongo wenyewe ulinyooka. Mtaalamu akasema, nami nikafasiri.

Msomaji asiyejua kazi hii aelezwe jambo moja. Mkalimani wa kweli hasemi "huyu bwana anasema kwamba." Husema kama aliyesema, kwa nafsi ya aliyesema na kwa nguvu zake. Mshtakiwa akisema "nilimpiga," mkalimani husema "nilimpiga," na hakimu hamkamati mkalimani. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha walionifuata.

Kwa hiyo mtaalamu alipokuwa mpole nami nilikuwa mpole. Alipoeleza kwamba mwananchi ana haki ya kujua chombo anachokinunua kitakula umeme kiasi gani, niliyasema hayo kwa utulivu, na kwa kweli niliyaona ni maneno ya busara. Lakini akapandwa na ghadhabu, nami ikanipasa kupandwa nayo. Alipogonga meza, niligonga.

"Mimi naupinga muswada huu!" nikasema. "Nasema friji kuukuu zisiingizwe tena katika nchi hii! Na hizi zilizoko, zinazokunywa umeme kama ngamia, mimi nasema ziondolewe! Ziondolewe zote, polepole, mpaka iishe ya mwisho!"

Mtaalamu mwenyewe alinitazama kwa mshangao, nadhani hakujua kwamba alikuwa amesema vizuri hivyo.

Nilipomaliza nikanyoosha mkono ili sasa nitoe maoni yangu. Nilikuwa nayo, nimeyapanga. Nilitaka kusema kwamba kibandiko cha nyota ni kitu chema na kisiguswe, kwamba bei ya friji mpya ni jambo la kweli ambalo wataalamu huliruka kama dimbwi, na kwamba chombo kilichomo nyumbani mwa mtu kibaki nyumbani mwa mtu.

"Mzee wetu," akasema mwenyekiti, "wewe umeshazungumza. Tena kwa uchungu. Tuwape nafasi na wengine."

"Hayo hayakuwa maoni yangu."

"Yameandikwa, mzee. Ahsante sana."

Nilirudi Mtongwe na nakala yangu mfukoni. Nilikuwa nimeamua kuyasahau ya mwenyekiti, kwa sababu nilikuwa na ushahidi ulioandikwa, na nilikuwa na hamu ya kumwona dadangu akivuta pumzi. Nilipoingia uani nikawakuta wanawake wameketi kwenye jamvi, na hakuna aliyeitikia salamu yangu kwa ukamilifu wake.

Dadangu akainua simu. "Kaka, sikiza."

"Sisikizi. Nimekuja na karatasi."

"Sikiza kwanza."

Kutoka katika ile simu ikatoka sauti ya mwanamume mwenye ghadhabu: "Na hizi zilizoko, zinazokunywa umeme kama ngamia, mimi nasema ziondolewe!" Kisha kishindo cha meza.

"Hii ni sauti ya nani?" dadangu akauliza.

Swali lilikuwa la haki, na nilikuwa na wajibu wa kulijibu. "Yangu," nikasema.

"Wewe ndiwe uliyesema?"

"Maneno yametoka kinywani mwangu."

"Ulikuwapo mwenyewe, hukusimuliwa?"

"Nilikuwapo."

"Haya," akawageukia wenzake. "Alitaka shahidi mmoja mwenye macho mawili."

Nikawaeleza kazi ya mkalimani. Nikawaeleza ile nafsi ya kwanza, na yule mtaalamu, na yule mshtakiwa aliyesema "nilimpiga." Walinisikiliza kwa upole mwingi, kama watu wanaomsikiliza mlevi akieleza njia aliyopita.

"Lakini kaka," dadangu akasema, "umesema 'mimi.'"

"Mimi wa yule bwana."

"Na meza je? Nayo alikugongea yeye?"

Muuza makaa akatokeza kichwa mlangoni, uso umemjaa furaha. Yeye ndiye aliyenirekodi. "Niliona fahari, mzee," akaniambia. "Nimekutuma mpaka Kisauni."

Nilipokuwa nikitafuta neno la kiungwana la kumwambia, tukasikia magurudumu ya mkokoteni. Mnunuzi wa Bombolulu hakuwa amekawia. Aliingia na salamu zake zote, akaketi kwenye kigoda kabla ya kukaribishwa, akatoa simu yake mwenyewe.

"Mamangu, hata sisemi mengi," akasema. "Ndugu yako wa damu keshasema. Mbele ya Bunge. Nitakuongezea kidogo kwa ajili ya heshima yake."

Nikautoa muswada, nikavaa miwani, nikawasomea kifungu chenyewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, na safari hii nikasema wazi kila mara kwamba ni karatasi inayosema, si mimi. Nilipomaliza nikaikunja karatasi. Nikadhani nimeshinda.

"Mzee wangu, hiyo ni karatasi," akasema mnunuzi kwa huruma. "Karatasi haina sauti. Hii hapa ni sauti."

Wanawake wakaguna kwa kumkubali. Nikamwona dadangu anaikunja na kuikunjua ncha ya leso yake, kama afanyavyo anapokwisha kukata shauri moyoni, na nikajua kwamba atauza. Idi ilikuwa inakaribia. Ningeweza kusoma tena, nami nisingesikilizwa. Nilitazama chini, na nakumbuka niliona kwamba mkokoteni ulikuwa umekwisha kutandikwa gunia la kuipokelea friza.

"Ukiinunua," dadangu akasema polepole, "utaipeleka wapi?"

"Dukani kwangu, mamangu. Bombolulu."

"Na hao wenye lori, Bombolulu hawafiki?"

"Watafika, inshallah. Ah, nasema, wanaweza kufika."

"Nayo haina nyota."

"Haina."

"Basi wataichukua kwako. Utapata hasara, mwanangu. Mimi sipendi kumtia mtoto wa watu hasarani."

"Usijali, mama. Mimi nina mpango."

"Mpango gani?"

"Mpango wa kibiashara."

"Zile mbili za kichochoro cha pili, walikuja wakazichukua?"

"La, zile nimeziuza."

"Umeziuza?" Leso ikaacha kukunjwa. "Nani huyo anayenunua friji ambayo kesho yaenda kuchukuliwa?"

Kijana akakohoa. "Watu tu. Watu wa Mkomani."

"Mkomani wana serikali yao?"

Nyuma ya pazia la mjane kikatoka kicheko, kimoja tu, kisha kikazibwa haraka kwa sababu ya msiba. Lakini kilikuwa kimetosha, wanawake wa jamvini wakakipokea. Mnunuzi akainuka, akajaribu kujitetea, akasema angalau aruhusiwe kuiona hali ya mota, akapiga hatua mbili kuelekea ule mlango.

"Weye!" mjane akapiga ukelele. "Kuna eda humu!"

Sijawahi kumwona mtu mnene akirudi nyuma kwa wepesi ule. Alijikwaa kwenye kigoda, akaomba radhi kwa kigoda, akaomba radhi kwa marehemu, akashika mkokoteni wake akatoka, na kipaza sauti kilichokuwa kimejiwasha kwa mshtuko kikaenda kikitangaza kichochoro kizima kwamba hununua pasi, feni, redio na vitanda vya chuma.

Maswali yale ya dadangu mahakamani yangepingwa karibu yote. Yalimwomba shahidi akisie, na moja lilikuwa dhihaka tupu. Mimi nilishughulika na kuuliza neno limetoka wapi. Yeye aliuliza friza inakwenda wapi. Sikumwambia kwamba alikuwa amefanya vizuri, kwa kuwa alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe, mara kadhaa, na kwa sauti.

Mtaa haukunisadiki mimi, wala haukuusadiki muswada. Iliyosadikiwa ni kwamba mzee alikwenda Likoni akiwa upande wa serikali, akarudi akakutana na dadake, akabadilika. Mpaka leo watu wasiojuana nami hunipongeza kwa hilo. Ama muswada wenyewe, sijaona popote palipoandikwa kwamba umepita, wala kwamba umeanguka, kwa hiyo sina la kusema. Nilipeleka maoni yangu kwa maandishi, kwa jina langu, katika nafsi ya kwanza.

Ikabaki shida moja. Idi ilipofika, eda ya mjane ilikuwa bado haijaisha, na friza ilikuwa imemzoea. Dadangu alipokwenda kumwambia kwamba sasa hatari imepita na vijana waibebe warudi nayo, mjane hakukataa. Aliuliza tu kwa sauti ndogo kama ni lazima iwe leo. Dadangu alikaa humo ndani kitambo, akatoka, akasema mota ya zamani haitaki kubebwa-bebwa, ingoje eda iishe. Neno hilo la mota sikuliuliza limetoka kwa fundi gani.

Hivyo mwaka ule nyama ya mtaa wote ilikwenda chumbani kwa mjane. Wanawake waliingia mmoja mmoja na mifuko yao, wakaketi, hawakutoka upesi, na chumba ambacho kwa wiki nyingi kilikuwa kimya kikajaa maneno tangu adhuhuri. Dadangu alikuwa ndani, anapokea, anapanga, anaamuru. Sisi wanaume tulikaa uani, na mtu aliyetaka hata maini ya nyumbani kwake ilimbidi aombe kwa adabu mbele ya pazia na kungoja zamu. Mimi nilingoja nyuma ya muuza makaa, sahani mkononi.

Jioni mfuniko ukakataa kufunga. Nikawasikia wakihesabiana, wakicheka, wakimwita mwenzao mnene aje aukalie. Ukakataa. Wakaongezeka wawili. Kisha nikasikia sauti ya mjane ikisema wamsogezee nafasi naye aketi, kitanda kimemchosha, na dadangu akamwambia njoo, kaa hapa ubavuni pangu, na mfuniko ukashuka kwa kishindo kilichofifisha balbu za nyumba zote mbili.